Ni Ndugu Zetu Hadi Kwenye Utepe Tu

Tarehe 15 Agosti 2024 Eldoret ilipewa hati ya kuwa jiji, la tano nchini Kenya. Magari yalipiga honi, wanasiasa wakagombania maikrofoni, na sisi watu wa Sisibo, kama tunavyouita mji wetu, tukajiona tumeota mbawa. Wiki tatu baadaye, tarehe 5 Septemba, katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi iliyo ndani ya jiji hilo hilo, Rebecca Cheptegei akakata roho. Alikuwa na miaka 33. Mwezi mmoja kabla alikuwa Paris akikimbia marathoni ya Olimpiki, akamaliza wa 44, akiwa amevaa rangi za Uganda. Jumapili ya tarehe 1 Septemba alikuwa ametoka kanisani na wanawe, huko Endebess katika Kaunti ya Trans Nzoia, pale mwanamume aliyekuwa mwenzi wake alipommwagia petroli na kumwasha moto, kwa maelezo ya polisi. Mwanamume huyo naye alikufa kwa majeraha ya moto huo huo, siku chache baadaye, katika hospitali ile ile. Mahakama haikupata mtu wa kumweka kizimbani.

Paris ilitangaza kwamba itaupa uwanja wake mmoja wa michezo jina la Rebecca. Mwili wake ulivushwa mpaka, ukazikwa Bukwo tarehe 14 Septemba kwa heshima za kijeshi, maana alikuwa askari wa jeshi la Uganda. Hapa kwetu, zaidi ya rambirambi zilizopigwa chapa kwenye karatasi zenye nembo, mjadala ulikuwa wa namna nyingine. Ilipotajwa kwamba marehemu na yule mwanamume walikuwa wakigombania kiwanja alichonunua Rebecca akajenga nyumba ili awe karibu na kambi za mazoezi, nilisikia vibandani, kwenye matatu, hata kwa watu wazima wenye mvi, swali moja likirudiwa bila haya: "Kwani huyo Mganda alikuwa anatafuta nini kununua shamba Kenya?"

Mganda! Sasa ni Mganda.

Mwaka 2012 mbona hakukuwa na Mganda? Tarehe 12 Agosti mwaka huo, katika barabara za London, Wilson Kipsang na Abel Kirui walikuwa wakielekea kuipa Kenya dhahabu na fedha. Zikiwa zimebaki kilomita chache, kijana wa Kapchorwa aitwaye Stephen Kiprotich akachomoka, akawaacha wote wawili nyuma, akaipa Uganda dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki tangu ile ya John Akii-Bua ya 1972. Kenya nzima ilinuna. Eldoret haikununa sana. Tulijifuta jasho tukasema, hata hivyo ni wetu. Amefanyia mazoezi Kaptagat, amekunywa mursik yetu, jina lake ni letu. Joshua Cheptegei alipovunja rekodi ya dunia ya mita 5,000 kule Monaco mwaka 2020, kisha ya mita 10,000 kule Valencia miezi miwili baadaye, tulisema hivyo hivyo. Peruth Chemutai alipotwaa dhahabu ya kuruka viunzi na maji kule Tokyo, mwanamke wa kwanza wa Uganda kupata dhahabu ya Olimpiki, tulisema tena. Damu ni damu, mlima ni mmoja.

Basi kijana wa kwanza mwenye damu hiyo akija kutafuta chumba cha kupanga, au kiwanja cha kujenga, au haki yake baada ya kudhulumiwa, damu inageuka maji. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Desemba 2023 Benjamin Kiplagat, mwanariadha aliyeiwakilisha Uganda katika mbio za kuruka viunzi na maji kwa zaidi ya miaka kumi, alikutwa amekufa ndani ya gari mtaani Kimumu, na jeraha la kisu shingoni. Kimumu si ng'ambo. Ni mwendo wa bodaboda kutoka katikati ya mji. Na bado habari ilipita midomoni mwetu kama habari ya kigeni: mwanariadha wa Uganda ameuawa. Naam, wa Uganda. Ila barabara aliyokimbia kila alfajiri, duka alikonunua unga na mashine aliyosagia posho, vyote vilikuwa vyetu, na pesa zake tulizila sisi.

Hoja yangu leo ni moja na sitaizungusha. Undugu tunaouimba kwa Wasebei wa Uganda, watu wa akina Rebecca na Kiprotich, ni undugu wa mdomo, na tunaujua kuwa ni wa mdomo, na tunafaidika nao kwa sababu ni wa mdomo. Tunataka medali zao, tunataka kodi ya nyumba zao, tunataka kura zao pale inapodaiwa kila uchaguzi kwamba watu wamevushwa mpaka wa Suam usiku. Kitu kimoja tu ndicho tusichotaka: wamiliki chochote hapa kwa majina yao wenyewe.

Mtu atasema hao wana nchi yao. Haya, tuanze na nchi. Mpaka tarehe 1 Aprili 1902, uwanda huu tunaouita Uasin Gishu ulikuwa ndani ya Uganda. Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulifika hadi Naivasha. Reli ilipofika Ziwa Victoria mwishoni mwa 1901, Waingereza wakaona heri njia yote iwe chini ya utawala mmoja, wakaukata mkoa ule wakautia upande wa Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ikawa Kenya. Hakuna mzee wa hapa aliyeulizwa. Idi Amin alipokuja kulidai eneo hilo mwaka 1976 tulimcheka na kumkasirikia, na tulikuwa na haki, kwa kuwa dai lake lilikuwa la ubabe. Lakini ubabe ndio uliochora mstari tangu mwanzo. Mlima Elgon ukapasuliwa. Wasabaot wakabaki huku, Wasebei wakabaki kule, na mto Suam, ambao ng'ombe huuvuka wakinywa maji, ukapandishwa cheo ukawa mpaka wa kimataifa.

Mzee wa Kapchorwa akikuambia rika lake ni Maina au Nyongi, mzee wa Kapsabet anamwelewa bila mkalimani. Kikupsabiny na Kisabaot vinasikilizana vyema kuliko Kiswahili cha Lamu na cha Bungoma. Waingereza waliwaweka Wasebei ndani ya wilaya ya Bugisu, chini ya watu waliokuwa wengi kuliko wao, na ilibidi kiongozi wao Chemonges na wenzake wapige kelele miaka nenda miaka rudi hadi walipopewa wilaya yao mwaka 1962. Miaka ya kuanguka kwa Amin, bunduki za ghala la Moroto zilipoingia mikononi mwa wezi wa mifugo, Wasebei wa tambarare za Ngenge walinyang'anywa ng'ombe, wakachomewa nyumba, wakapanda mlimani, na wengi wakavuka kuja kwetu. Na ilipofika zamu yetu, mwaka 2007 na 2008, wanamgambo wa Sabaot Land Defence Force (SLDF) wakikata watu masikio upande wa Mlima Elgon na jeshi likiwafuata kwa Operesheni Okoa Maisha iliyoacha vilio vyake yenyewe, Wasabaot walikimbilia wapi? Walivuka Suam. Walilala kwa Wasebei.

Na huu uwanda ulishawahi kuwapokea wageni wa mbali kwa mikono miwili, ikiwa hilo ndilo linatutatiza. Mwaka 1908 Makaburu wa msafara wa Jansen van Rensburg walifika hapa na magari ya kukokotwa na maksai, wametoka Afrika Kusini, hawajui neno la Kinandi, wakakatiwa mashamba ya maelfu ya ekari. Posta ilifunguliwa kwenye shamba nambari 64, na hadi leo wazee wetu wanauita mji Sisibo, yaani sixty-four, kwa fahari. Tumelifanya shamba la Kaburu kuwa jina la utani la nyumbani. Binti wa Bukwo, ambaye bibi yake na bibi yetu walitahirishwa kwa nyimbo zile zile, tunamwambia hana haki ya nusu ekari.

Sheria inasemaje? Ibara ya 65 ya Katiba ya 2010 inasema asiye raia hawezi kumiliki ardhi Kenya isipokuwa kwa kukodi, na muda usizidi miaka 99. Hapo sina ugomvi mkubwa. Miaka 99 ni maisha ya mtu na ya wanawe. Ugomvi wangu uko kwenye Sheria ya Udhibiti wa Ardhi, Sura ya 302, iliyotungwa mwaka 1967. Hiyo inahusu mashamba, na karibu kila kipande unachokiona ukitoka nje ya mji kuelekea Endebess ni shamba kwa jicho la sheria. Kifungu cha 9 kinaiamuru bodi ya ardhi ikatae kutoa kibali iwapo anayeuziwa au kukodishiwa si raia. Inaamuru, haishauri. Na bila kibali cha bodi, mauziano hayo ni batili, hata kama pesa zimelipwa na nyumba imeezekwa.

Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo, yenye bendera na wimbo na mikutano ya kila mara, ilileta Itifaki ya Soko la Pamoja, ikaanza kutumika Julai 2010. Mganda anavuka kwa kitambulisho tu. Anaruhusiwa kutafuta kazi, kufungua duka, kuishi. Halafu Ibara ya 15 ya itifaki hiyo hiyo ikaacha suala la ardhi kwa sheria za kila nchi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jumuiya imempa jembe. Mahali pa kulitia ndipo alipokatazwa.

Sasa njoo uone kinachotokea sheria inapokataza jambo ambalo watu watalifanya tu. Nilikaa asubuhi moja kwenye ofisi ya dalali, chumba cha mabati nyuma ya Barabara ya Uganda (ndiyo, barabara kuu ya jiji letu inaitwa Uganda, na hakuna anayeiuliza kitambulisho). Aliingia msichana mwembamba, viatu vya mazoezi bado vina tope, kaptula chini ya leso. Alikuwa na bahasha ya kaki. Ndani yake zilikuwamo pesa za zawadi ya mbio za barabarani za Ulaya, zimebadilishwa kuwa shilingi, zimefungwa kwa mpira wa kufungia sukumawiki. Alikuwa ananunua nusu ekari. Dalali akatoa karatasi ya mistari, akaandika kwa mkono: makubaliano ya mauziano, kati ya fulani na fulani. Akafika kwenye jina la mnunuzi, kalamu ikasimama. "Kitambulisho ni cha wapi?" Msichana akajibu, Uganda. Dalali hakushtuka hata kidogo. Ni kazi ya kila wiki. Akamgeukia kijana aliyesimama mlangoni, akasema, "Basi tuweke la huyu shemeji." Kijana akachovya kidole gumba kwenye wino, akabandika, akajifuta kwenye suruali. Msichana akaweka sahihi pia, chini kabisa, mahali pa mashahidi.

Shahidi wa shamba lake mwenyewe.

Nilimuuliza dalali, msichana alipotoka, huyu shemeji akibadilika itakuwaje? Akacheka. "Hiyo ni mambo ya nyumbani kwao."

Hapo ndipo penye kidonda. Sisemi kwamba Rebecca aliuawa na kifungu cha sheria. Polisi walisema ni mkono wa mwanamume, na wanaume wa aina hiyo hawana mpaka. Agnes Tirop alichomwa kisu nyumbani kwake Iten Oktoba 2021, na yeye alikuwa raia wa Kenya tangu kuzaliwa. Damaris Mutua alikutwa amekufa Iten miezi sita baadaye. Wasichana wetu wanauawa kwa sababu wanaume wameona mguu wa mwanamke unaleta dola, na wamejiaminisha kwamba dola hizo ni zao. Wenzake Tirop walianzisha shirika kwa jina lake ili kupigana na uovu huo, na nawapongeza. Lakini angalia jinsi sheria yetu inavyomkaribisha mnyang'anyi. Msichana Mkenya anayenunua shamba anaweza, akiwa na ujasiri na wakili mwema, kuandika jina lake. Msichana Msebei hana hata njia hiyo. Sheria imemwekea mwanamume katikati ya pesa na ardhi, imemlazimisha ampe jina, sahihi na hati. Ikija siku ya kufukuzwa, hana pa kwenda kudai: ukienda kwa chifu, chifu anauliza jina liko wapi. Ukienda kituoni, unaambiwa haya ni mambo ya mapenzi. Ukienda mahakamani, unakiri kwamba ulishiriki mauziano ambayo sheria inayaita batili, na sheria hiyo hiyo ina adhabu kwa mtu anayelipa au kushika shamba kwa mauziano ya namna hiyo. Mwizi anakuwa na hati na aliyeibiwa anakuwa na kosa.

Na sisi tunaofaidika? Wenye nyumba za kupanga, madalali, mawakili wa mlango wa nyuma, makocha wanaochukua asilimia, mashemeji. Mashemeji hasa. Kuna watu katika kaunti hizi ambao shughuli yao ni kuwa jina. Hawalimi, hawakimbii, wanaitwa tu wakati wa kutia kidole.

Kuna kitu kinachekesha, ikiwa unaweza kucheka. Vijana wetu wenyewe wamekuwa wakiuza uraia kwa miaka zaidi ya ishirini. Stephen Cherono alikwenda Qatar mwaka 2003 akawa Saif Saaeed Shaheen. Ruth Jebet aliipa Bahrain dhahabu ya kuruka viunzi na maji kule Rio mwaka 2016. Qatar na Bahrain ziliwapa pasipoti watoto wa bonde hili wasio na babu hata mmoja aliyewahi kuona jangwa la Arabuni, na sisi tukasema, sawa, ni riziki. Mwarabu anaweza kumfanya Mkalenjin kuwa wake kwa saini. Mkalenjin hawezi kumruhusu Msebei kukodi nusu ekari.

Nimekuwa nikifuatilia kisa cha mbali, na sitaomba radhi kwa kukileta hapa kwa sababu kinatuaibisha. Mashariki ya Serbia, katika bonde la Timok, wanaishi watu wanaoitwa Wavlach. Wanazungumza lugha ya karibu sana na Kiromania. Ng'ambo ya mto Danube iko Romania. Katika sensa ya Serbia ya 2011 zaidi ya watu 35,000 walijiandikisha kuwa Wavlach, na wengine takribani 29,000 wakajiandikisha kuwa Waromania, wengi wao upande mwingine wa nchi, katika jimbo la Vojvodina. Waromania wa Vojvodina wana shule na lugha yao inatambuliwa rasmi. Wavlach wa Timok waliishi miaka mingi bila shule wala ibada kwa lugha yao. Padri mmoja alipojenga kanisa dogo katika kijiji cha Malajnica mwaka 2004, manispaa iliamuru libomolewe. Romania ilifanya nini? Mwishoni mwa Februari 2012, Serbia ikiwa mlangoni kupewa nafasi ya mgombea wa Umoja wa Ulaya, Romania iliweka mguu kwenye mlango. Ilikataa kuridhia hadi haki za watu hao zizungumzwe. Tarehe 1 Machi zikatiwa saini ahadi kuhusu walio wachache, ndipo mlango ukafunguliwa. Serikali nzima ilihatarisha uhusiano na jirani, mbele ya Ulaya yote, kwa ajili ya wakulima wa bondeni ambao hata si raia wake.

Sikusema Romania ni malaika. Bucharest inasisitiza kwamba Wavlach ni Waromania, basi, na Wavlach wengi wakienda mbele ya karani wa sensa wanasema la, sisi ni Wavlach. Undugu wa kulazimishana una sumu yake. Nasi tuna tabia hiyo. Mwanasiasa wa hapa akipanda jukwaani Suam, Wasebei ni Wakalenjin. Jina la Kalenjin lenyewe lilishika miaka ya 1940, vijana wa shule na watangazaji wa redio wakiunganisha makabila yaliyokuwa yanajiita kila moja kivyake, na ni jina zuri, limetusaidia. Lakini Msebei anajiita Msabiny. Mwache mtu ajiite apendavyo. Hahitaji kuwa Mkalenjin wa mkutano wa hadhara ndipo apewe mkataba wa kukodi shamba.

Tofauti ni kwamba Romania ilipiga kelele. Sisi lini tulipiga kelele? Upande wa Uganda wa mlima huo huo wapo Wabenet, watu wa msitu na mbuga za juu, ndugu wa Wasebei na wa Waogiek wetu wa Chepkitale. Walitolewa msituni mwaka 1983 wakaahidiwa ardhi. Mwaka 1993 msitu ukafanywa Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon. Mwaka 2005 Mahakama Kuu ya Uganda ikakubali kwamba wao ni wenyeji wa kale wa eneo hilo na wana haki ya kulikalia. Mwaka 2008 askari wa wanyamapori wakawafukuza tena kana kwamba hakuna mahakama nchini. Katiba ya Uganda ina orodha ya makabila 65 yanayotambuliwa kuwa ya asili, na Wabenet hawamo. Ni seneta gani wa Bonde la Ufa, gavana yupi, waziri yupi aliyesimama akataja jina lao? Wanataja majina yaliyo kwenye jedwali la medali.

Najua nitakavyojibiwa, kwa sababu nimeshajibiwa. Ukiwafungulia Wasebei, watakuja matajiri wa Mbale na Kampala, watanunua Trans Nzoia yote, maskini wa hapa abaki bila pa kuzikwa. Hofu ya ardhi katika kaunti hizi siichezei. Mji huu unajua neno "wageni" likipewa kiberiti linafanya nini. Tarehe 1 Januari 2008 lilifanya kazi yake, likachoma kanisa la Kiambaa, kilomita chache kutoka hapa, na waliokuwa ndani walikuwa Wakenya wenye vitambulisho. Lakini hofu hiyo inamlinda nani leo? Tajiri wa Kampala ana wakili Nairobi. Atapata njia. Sheria hii inamkamata yule tu asiye na wakili, yule wa bahasha ya kaki. Na Uganda yenyewe, kwa Sheria yake ya Ardhi ya 1998, inamruhusu mgeni kukodi ardhi hadi miaka 99, kwa hiyo Msabaot wa Kapsokwony anayetaka kupanda viazi Bukwo ana njia halali ambayo binamu yake hana akija huku.

Hata lami imetushinda akili. Benki ya Maendeleo ya Afrika ilifadhili mradi mmoja: barabara ya Kapchorwa hadi Suam, kilomita 73, iendelee Suam hadi Endebess na Kitale, pamoja na barabara ya kuuzunguka mji wa Eldoret. Mradi mmoja, nchi mbili. Wahandisi waliangalia ramani wakaona watu wanaosafiri kwenda na kurudi. Walioshindwa kuona ni wabunge.

Msiniambie kwamba ni kazi ngumu inayohitaji kura ya maoni na miaka kumi ya tume. Wamakonde waliokuja kukata mkonge na miwa pwani walikaa vizazi bila utambulisho. Oktoba 2016 walitembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi, na Uhuru Kenyatta akaagiza wapewe vitambulisho. Washona walipata uraia Desemba 2020. Wapemba wa Kilifi na Kwale wakafuata 2023. Hao walipewa uraia mzima. Wasebei ninaowasemea hawaombi uraia, wanao wao, na wengi wanaupenda. Wanaomba mkataba wenye majina yao.

Na kifungu kipo. Wale wanasheria wetu wanaojua kila kitu wafungue Sura ya 302, kifungu cha 24. Rais anaweza, kwa tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali, kumwondolea mtu yeyote au aina yoyote ya mauziano masharti ya sheria hiyo. Hahitaji Bunge wala Seneti. Na Rais aliyeko ofisini anatoka Sugoi, katika kaunti hii hii. Mikono yake ndiyo iliyotukabidhi hati ya jiji siku ile ya Agosti.

Waandishi wa hotuba zake wakikosa maneno, nawapa rasimu bila malipo. Kwamba raia yeyote wa Uganda ambaye ni mkazi wa asili wa wilaya za Kapchorwa, Kween, Bukwo au Amudat, na anayeishi Kenya kihalali, anaweza kukodi shamba lisilozidi ekari tano katika kaunti za Trans Nzoia, Bungoma, Pokot Magharibi, Elgeyo Marakwet, Nandi na Uasin Gishu, kwa muda usiozidi miaka 99, kwa jina lake mwenyewe. Kwamba aliyekwisha kununua kwa jina la mtu mwingine kabla ya tangazo hili ana miezi kumi na miwili kufika mbele ya bodi ya ardhi pamoja na mashahidi wake, makubaliano yake na risiti zake, na bodi itamsikiliza bila kumshtaki. Ekari tano, ili tajiri wa Kampala asipate pa kupenya. Miezi kumi na miwili, ili mashemeji wapate muda wa kutafuta kazi nyingine.